Mjane, Deni, na Chupa ya Mafuta

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 4:1-7, Mambo ya Walawi 25:35-43, Nehemia 5:1-13, Mithali 27:23-27, Wagalatia 6:2-5, Mathayo 6:24-34, Kutoka 16:4-30, Wafilipi 4:10-19.

Fungu la kukariri: Mathayo 6:34. Likariri kutoka katika Biblia yako, na usiishie katikati. Nusu ya pili ya fungu hili ni muhimu kama ya kwanza.

Fikiria mama mmoja anayeuza mboga gengeni. Alikopa kwa simu ili alipe ada ya mtoto. Mkopo wa simu ulipoiva, akakopa kwenye kikundi ili aulipe. Marejesho ya kikundi yalipomlemea, akaenda kwa wale wanaokopesha kwa marejesho ya kila siku, mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Sasa simu ikiita hutazama namba kwanza, na namba asiyoijua haipokei. Usiku hupiga hesabu kichwani mpaka majogoo, na kila akirudia jibu ni lile lile. Sabato asubuhi huvaa vizuri na kufika mapema. Mwalimu wa darasa akiuliza juma lilikuwaje, hujibu kwamba Mungu ni mwema. Ni kweli, Mungu ni mwema. Lakini darasani hakuna anayejua kwamba Jumatatu watu watakuja kuchukua jokofu lake.

Maandiko yanamjua mwanamke anayefanana naye. Kisa chake kina mafungu saba tu, na mara nyingi huhubiriwa kama muujiza wa mafuta. Hakika ni muujiza. Hata hivyo, kati ya kilio cha mjane na neno la mwisho la Elisha, kuna mambo kadhaa yasiyo ya muujiza hata kidogo: anaulizwa ana nini, anatumwa kwa majirani, anaambiwa akauze, kisha alipe. Juma hili linafuata hatua hizo ili kuona jinsi moyo unavyoweza kufunguliwa kutoka katika hofu ya fedha bila kujifanya kwamba deni halipo.

JUMAPILI
Alimcha Bwana, na Alidaiwa

Soma 2 Wafalme 4:1. Mjane anataja mambo gani mawili kuhusu marehemu mume wake? Kwa nini yote mawili yalikuwa muhimu kwake?

Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, na Elisha mwenyewe alijua kwamba mtu huyo alimcha Bwana. Pia alikufa akiwa na deni. Mjane hafichi la kwanza wala la pili. Katika makanisa mengi hizi huonekana kama habari mbili zisizoweza kukaa pamoja: mwenye deni hudhaniwa kuwa mvivu au mpenda makuu, na kwa sababu hiyo hunyamaza. Biblia inaziweka katika sentensi moja.

Deni lilitoka wapi? Maandiko hayasemi. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, alisimulia kwamba mume huyo alikuwa Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, aliyekopa ili awalishe manabii mia aliowaficha (linganisha 1 Wafalme 18:4). Biblia haithibitishi jambo hilo. Linavutia kwa sababu linaonyesha kwamba wasomaji wa zamani waliweza kufikiria deni lililotokana na wema. Yako madeni yanayotokana na harusi iliyozidi uwezo au simu mpya ya kumwonyesha jirani. Yako pia yanayotokana na ugonjwa, msiba, mvua iliyokataa kunyesha, au kumdhamini ndugu aliyetoroka. Elisha hakuanza kwa kuuliza ni lipi kati ya hayo.

Soma Mambo ya Walawi 25:39-43. Mdai alikuja kuwachukua wana wawili wa mjane. Torati iliruhusu nini, na ilikataza nini?

Kumchukua mtoto wa mdaiwa awe mtumwa kulijulikana sana katika nchi za kale. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, ziliweka kikomo cha miaka mitatu. Torati iliweka vizuizi vyake: mwaka wa saba wa maachilio (Kumbukumbu la Torati 15:1, 12), mwaka wa yubile, na amri kwamba ndugu aliyeanguka asitawaliwe kwa ukali. Kwa hiyo mdai huyu hakuwa ametoka nje ya desturi. Alikuwa mtu aliyeishika haki yake na kusahau kwamba anayemdai ni ndugu. Miaka ipatayo mia nne baadaye Nehemia aliwakuta wengine wa namna hiyo Yerusalemu, wakiwa wameshika mashamba, mizabibu na watoto wa Wayahudi wenzao. Alikasirika sana, akawataka warudishe.

JUMATATU
Una Nini Nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:2 na Mithali 27:23-27. Elisha anauliza maswali mawili. Ni yapi, na kwa nini anauliza hata la pili?

Swali la kwanza linafungua mlango: nabii anataka kujua amtendee nini. Kabla hajajibiwa, anauliza la pili, alilo nalo nyumbani ni nini. Jibu la mjane ni jibu la kila mtu aliyelemewa: hana kitu. Halafu, kana kwamba amekumbuka, anataja chupa ya mafuta.

Hofu haijui kuhesabu. Humwonyesha mtu deni zima kwa pamoja, bila tarehe na bila tarakimu, na humficha kile kidogo kilichobaki. Ndiyo maana hesabu za usiku wa manane hazifiki popote. Mithali 27 inamwagiza mwenye mifugo aijue hali ya kondoo wake kwa kuangalia mwenyewe, kwa sababu mali haidumu milele. Huo si ukosefu wa imani. Mjane alipotaja chupa, ndipo palipopatikana mahali pa muujiza kuanzia.

Kwa mama wa gengeni, chupa ya mafuta huanzia kwenye daftari. Upande mmoja aandike kila anayemdai, kiasi, tarehe, na gharama ya kuchelewa. Upande wa pili aandike kinachoingia kwa juma, mtaji ukiwa umeondolewa. Wafanyabiashara wengi wadogo hawajui faida yao, wanajua mauzo tu. Wanakula mtaji wakidhani ni faida, kisha wanashangaa kwa nini genge linazidi kuwa jeupe.

Kuandika hufunua mambo ambayo kichwa hukwepa. Chukua mkopo wa simu wa shilingi 10,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada ni shilingi 750, na mtu husema ni hela ya chai tu. Lakini anayekopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka atakuwa amelipa ada ya shilingi 9,000, na zile 10,000 bado anadaiwa. Nehemia 5:11 inataja sehemu ya mia iliyotozwa na matajiri wa Yerusalemu. Wafafanuzi wengi huielewa kuwa asilimia moja kwa mwezi. Hiyo ndiyo iliyomkasirisha mtu wa Mungu. Mkopo wa simu katika mfano huu unatoza mara saba na nusu ya hiyo.

Ikiwa ungeulizwa leo una nini nyumbani, ungejibu nini kabla ya kuandika? Baada ya kuandika je? Usisahau kuhesabu vitu visivyo fedha: ujuzi, cherehani isiyotumika, kipande cha ardhi, mtoto mkubwa anayeweza kusaidia kazi.

JUMANNE
Vyombo vya Jirani

Soma 2 Wafalme 4:3-5. Kwa nini Mungu, aliyeweza kuongeza mafuta, hakuleta na vyombo?

Mjane alipaswa kubisha hodi. Nyumba baada ya nyumba alilazimika kuomba vyombo vitupu, tena visiwe vichache, na bila shaka kila jirani alitaka kujua vya nini. Siri ya nyumba yake iliishia hapo. Aliyekuwa amejifungia na hofu alitoka nayo nje, na wengine wakaibeba sehemu ndogo kwa kutoa mtungi.

Baadaye mlango ulifungwa. Si kila jambo lilikuwa la majirani. Wanawe walimletea vyombo, naye akamimina. Watoto waliokuwa wachukuliwe utumwani ndio waliokuwa mashahidi wa kwanza. Kuna wazazi wanaoficha hali ya fedha kwa watoto wasiwatie hofu, lakini watoto huisoma usoni pa mama siku nyingi kabla hajasema. Kumshirikisha mtoto kazi na maombi kwa kipimo cha umri wake humwondolea hofu kubwa kuliko kumficha.

Wagalatia 6:2 inaagiza kuchukuliana mizigo, na fungu la 5 linasema kila mtu atauchukua mzigo wake. Katika Kiyunani ni maneno mawili tofauti: la kwanza ni uzito unaolemea, la pili ni furushi ambalo msafiri hubeba mwenyewe. Kanisa likiyachanganya, ama litawaacha watu wapondeke, ama litawazoeza kubebewa furushi.

JUMATANO
Uza, Lipa, Ishi

Soma 2 Wafalme 4:6-7. Elisha anatoa maagizo matatu. Yanafuatana kwa utaratibu gani?

Mafuta yalipokoma, mjane hakukimbilia sokoni. Alirudi kwa mtu wa Mungu na kumweleza. Huenda hapo ndipo wengi huanguka: msaada ukipatikana, hawaulizi tena. Muujiza ulimpa bidhaa, si fedha taslimu. Bado alipaswa kwenda kuuza. Kisha alipe deni. Kisha, kwa kilichobaki, yeye na wanawe waishi. Mdai, ambaye alikuwa mkali, hakudhulumiwa (Zaburi 37:21, Warumi 13:8).

Anayelipa polepole, bila muujiza unaoonekana, atafuata utaratibu ule ule kwa miezi mingi. Kwanza ni kuacha kukopa ili kulipa. Shimo halijazwi kwa udongo wa shimo jingine. Pili ni kumwendea mdai kabla hajaja. Mithali 6:1-5 inamwagiza aliyenaswa kwa udhamini aende akajinyenyekeze bila kuchelewa, hata usingizi asiupe nafasi, na Yesu alishauri kupatana na mshitaki mkiwa bado njiani (Mathayo 5:25). Wadai wengi hukubali kupunguza kiasi cha marejesho kwa mtu aliyekuja mwenyewe na daftari mkononi. Kwa mtu aliyezima simu hukubali wachache. Tatu, kwa kawaida deni linalokua haraka ndilo la kulipwa kwanza, ingawa familia nyingine hupata nguvu kwa kumaliza lililo dogo.

Na zaka je? Wapo wanaoacha kurudisha zaka hadi deni liishe, na wapo wanaotoa sadaka kubwa mno wakitarajia deni lifutike kesho yake. Wote wawili wanaendeshwa na hofu ile ile. Zaka ni takatifu kwa Bwana (Mambo ya Walawi 27:30). Haimo katika fungu la kugawana na wadai. Na kwa kuwa ni sehemu ya kumi ya maongeo, mwenye maongeo madogo ana zaka ndogo, naye hapungukiwi heshima mbele za Mungu. Mwenye genge asiyejua faida yake hawezi kujua zaka yake. Daftari la Jumatatu linahitajika hapa pia. Sadaka ni kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, si asicho nacho (2 Wakorintho 8:12). Fedha ambayo mdai aliahidiwa kwa tarehe fulani haiwi ukarimu ikitolewa mbele ya kanisa.

ALHAMISI
Kesho na Mana

Soma Mathayo 6:24-34. Neno la kwanza la fungu la 25 linaunganisha katazo la kusumbuka na jambo gani lililotangulia?

Yesu alikuwa amesema mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Kusumbuka, basi, ni jambo la utumishi: anayesumbuka anaendeshwa na bwana. Neno la Kiyunani hapa ni merimnao, na Paulo analitumia katika 1 Wakorintho 7 sambamba na neno la kugawanyika. Ajabu ni kwamba neno hilo hilo linatumika kwa Timotheo, aliyeangalia hali ya Wafilipi kwa moyo wa kweli (Wafilipi 2:20). Kujali si dhambi. Yesu hakatazi mtu kufikiri juu ya chakula cha watoto. Ndege wenyewe huamka mapema na kutoka kwenda kutafuta. Anakataza moyo kukatwa vipande viwili, kimoja leo, kingine kwenye siku ambayo haijafika.

Wala hakuahidi kwamba kesho haina taabu. Nusu ya pili ya fungu la kukariri inakiri kwamba kila siku ina ubaya wake. Alichosema ni kwamba taabu ya siku moja inatosha siku moja.

Soma Kutoka 16:16-30. Ni wakati gani mana iliyowekwa ilioza, na ni wakati gani haikuoza?

Pishi moja kwa kila mtu, kila asubuhi. Wengine walibakiza hadi asubuhi, nayo ikaingia mabuu. Siku ya sita waliokota maradufu, wakaweka, na haikunuka. Kitendo ni kile kile, kuweka chakula mpaka kesho. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza waliweka kwa hofu, mara ya pili kwa kutii. Kwa hiyo anayeuliza kama kuweka akiba ni ukosefu wa imani anajibiwa na mana: inategemea nani ameagiza. Chungu wa Mithali 6 anasifiwa kwa kuweka akiba. Tajiri wa Luka 12 anaitwa mpumbavu kwa kuweka akiba.

Hapa Sabato inaugusa mfuko wa mtu moja kwa moja. Katika miji mingi Jumamosi ndiyo siku ya mauzo makubwa. Mama anayefunga genge Ijumaa kabla ya jua kuzama, wakati wateja wanaanza kumiminika, anaishi Mathayo 6 kwa namna ambayo mhubiri hawezi kuieleza. Lakini asiingie siku ya saba bila kuokota maradufu. Kabla ya kukubali marejesho ya kila siku, ahesabu siku sita za mapato kwa juma, si saba, na amwambie mkopeshaji hivyo mapema. Wengi waliovunja Sabato kwa sababu ya deni hawakuamua kuivunja Sabato yenyewe. Waliuvunja wakati walipotia sahihi ratiba ya siku saba.

Siku ya saba wako waliotoka kuokota, wasipate kitu. Unadhani walikuwa wanatafuta chakula, wakiwa nacho nyumbani, au walikuwa wanatafuta kitu kingine?

IJUMAA
Kujifunza Zaidi

Soma Wafilipi 4:10-19 kwa mfululizo. Fungu la 13 limeandikwa kwenye kalenda na vioo vya magari mengi, mara nyingi bila lile la 12. Paulo alikuwa kifungoni, akizungumza juu ya fedha: kupungukiwa na kuwa na tele, kushiba na kuona njaa. Anasema amejifunza kuridhika. Hakuzaliwa nalo, wala halikumjia siku ya ubatizo wake. Pia anashukuru kwa msaada ulioletwa na Epafrodito. Aliyeridhika hakuona aibu kupokea. Lugha yake ni ya daftari la biashara, ya kutoa na kupokea, ya hesabu, na neno alilotumia kusema amepokea vyote (fungu la 18) ndilo lililoandikwa kwenye stakabadhi za malipo za siku zile.

Ellen G. White aliwashauri watu binafsi na taasisi mara nyingi kuliepuka deni. Yeye mwenyewe, alipofariki mwaka 1915, aliacha madeni, kwa kuwa alikuwa amekopa kugharimia utayarishaji na uchapaji wa vitabu. Yalilipwa baadaye kutokana na mapato ya vitabu hivyo.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki anasema darasani kwamba anadaiwa na kwamba Jumatatu vyombo vyake vitachukuliwa. Darasa lenu lingefanya nini katika dakika tano zinazofuata? Kuna tofauti gani kati ya kumletea mtungi na kumbebea furushi?

2. Je, mshiriki anaweza kumkopesha mshiriki mwenzake kwa riba? Tumieni Mambo ya Walawi 25:35-37 na Nehemia 5. Vipi kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoendeshwa na washiriki, ambavyo faida hugawanywa mwisho wa mwaka?

3. Ndugu yako anakuomba umdhamini mkopo. Unajua hana uwezo wa kulipa, na unajua kwamba ukikataa, mama yenu ataumia. Mithali 17:18 na Wagalatia 6:2 zinakusaidiaje, na zinagongana wapi?

4. Rudini kwa mama wa gengeni. Kati ya hatua za mjane (kusema, kuhesabu, kuomba vyombo, kuuza, kulipa), ni ipi ambayo ingekuwa ngumu zaidi kwake katika kanisa lenu, na kwa nini?